Kanungu, Machi 2000: kabla ya moto watu walikuwa wamenyamazishwa

Familia nyingi za Rutshuru zilizovuka mpaka wa Ishasha kukimbia vita zinalijua jina la Kanungu. Ni wilaya ya Uganda inayopakana na Kongo. Huko kuna kituo cha mapokezi cha Matanda, ambako mkimbizi anaandikwa jina, anapata chakula na mahali pa kulala kabla ya kupelekwa kambi za mbali zaidi kama Nakivale. Kwa mama aliyefika pale akiwa amechoka, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, Kanungu ni mahali alipopumua kwa mara ya kwanza.

Kwa wakaaji wa Kanungu wenyewe, hasa wale wenye umri, jina hilo linakumbusha jambo lingine pia. Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000, asubuhi, jengo la sala liliwaka moto kwenye kilima kimoja cha huko. Ndani kulikuwa na mamia ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Milango na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Waliokuwa ndani hawakutoka.

Mahali hapo palikuwa na jina lake. Viongozi wa kundi walipaita Ishayuuriro rya Maria, maana yake kwa lugha ya huko ni mahali pa kuokolewa pa Bikira Maria. Waliokwenda pale walikuwa wanatafuta kimbilio. Ndiyo sababu inafaa historia hii isimuliwe tena kwa watu ambao leo wako mbali na makwao na wanatafuta pa kukimbilia.

Habari ya kwanza haikuwa sahihi

Siku za kwanza redio na magazeti ya dunia yalisema kwamba watu wa dini fulani Uganda wamejiua kwa pamoja. Walilinganishwa na wafuasi wa Jim Jones, Mmarekani ambaye watu wake zaidi ya 900 walikufa mwaka 1978 katika msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini. Wengi waliosikia habari hiyo walitikisa kichwa na kusema: wamejitakia wenyewe.

Wiki moja baada ya moto, polisi walianza kuchimba kwenye nyumba nyingine za kundi hilo. Tarehe 24 Machi walipata miili 153 mahali paitwapo Nyakishojwa, upande wa Buhunga. Tarehe 27 Machi wakaanza kuchimba Rugazi, kwenye nyumba ya padri mmoja wa kundi, wakapata miili 155. Rushojwa walipata 81. Mwisho wa Aprili, katika nyumba iliyopangishwa Buziga, mtaa wa Kampala, walipata 55. Watu hao hawakufa kwa moto. Wengine walikuwa na majeraha, na walizikwa kabla ya siku ile ya Machi, chini ya sakafu na katika mashamba.

Mtu hawezi kujiua kisha akajizika chini ya sakafu ya nyumba. Polisi wa Uganda walibadili maneno yao: yaliyotokea Kanungu yalikuwa mauaji. Hesabu yao ilifika watu 778, na wengine waliofanya uchunguzi waliona idadi ilikuwa kubwa zaidi. Miili mingi ya kanisani haikuweza kutambuliwa wala kuhesabiwa vizuri.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa jamaa za marehemu. Ukisema walijiua, lawama inabaki juu ya marehemu. Ukisema waliuawa, lazima uulize aliyewaua ni nani, na alianza lini kuwaandaa.

Viongozi walikuwa watu wa heshima

Katika filamu za kutisha zinazoonyeshwa kwenye vibanda vya video, mtu mbaya anajulikana mapema. Sura yake inatisha, na muziki unabadilika kila akitokea. Kanungu haikuwa hivyo. Viongozi wake walikuwa watu ambao jirani yeyote angewapa kiti.

Joseph Kibwetere alizaliwa mwaka 1932. Alikuwa mwalimu na Mkatoliki anayejulikana katika eneo la Ntungamo. Alianzisha shule, alikuwa na ardhi na mali, na aliwahi kushiriki siasa katika chama cha Democratic Party. Dominic Kataribabo alikuwa padri mwenye elimu kubwa, aliyesoma mpaka Marekani, na aliwahi kuongoza seminari. Mtu akiona mwalimu na padri wamesimama mbele, anaamini kwamba jambo lenyewe ni salama.

Lakini wengi waliolijua kundi kwa karibu walisema aliyekuwa akiamua mambo ni mwanamke, Credonia Mwerinde, mzaliwa wa Kanungu. Zamani alikuwa na biashara ya pombe ya ndizi, ile ambayo Kivu inaitwa kasiksi. Mwaka 1988 alianza kusema kwamba Bikira Maria anamtokea katika mapango ya Nyabugoto, karibu na kwao. Mwaka 1989 alikutana na Kibwetere huko Mbarara, akamwambia kwamba Bikira mwenyewe ndiye aliyemtuma kumtafuta. Kibwetere aliamini. Akalipeleka kundi nyumbani kwake.

Walikaa kwake miaka kama mitatu. Mke na watoto wa Kibwetere walieleza baadaye jinsi nyumba yao ilivyopita mikononi mwa wageni, mali ikauzwa na chakula kikapungua. Mwaka 1992 jamaa za Kibwetere waliwafukuza. Kundi likahamia Kanungu, kwenye ardhi ya baba yake Mwerinde. Kibwetere akaondoka nao, akamwacha mke wake.

Wakati ambao watu walitaka kuamini

Haifai kuwacheka waliowafuata. Watu wa magharibi ya Uganda walikuwa wametoka katika miaka mibaya. Walipitia utawala wa Idi Amin, vita vya kumwondoa, halafu vita vya msituni mpaka 1986. Kisha ukaja ukimwi, ukaingia karibu kila nyumba, na wakati huo hakukuwa na dawa. Wazazi walizika watoto wao, na watoto wakalea wadogo zao. Mtu aliyesema anajua kwa nini Mungu amekasirika, na anajua njia ya kupona, alipata wasikilizaji.

Tena habari za maono zilikuwa nyingi wakati huo. Kibeho, kusini ya Rwanda, wasichana wa shule walianza kusema mwaka 1981 kwamba wanamwona Bikira Maria, na mahujaji wakaanza kumiminika. Hapa kuna jambo la kuangalia vizuri. Huko Kibeho askofu aliweka tume ya madaktari na nyingine ya wataalamu wa teolojia. Waliuliza, walipima, walingoja. Kanisa lilitangaza uamuzi wake tarehe 29 Juni 2001, miaka 20 baadaye, na liliwakubali watatu tu kati ya wengi waliodai kuona. Kanungu hakuna aliyeruhusiwa kupima. Aliyekuja jana alitakiwa kuuza shamba lake leo. Viongozi wa kanisa katika Mbarara walilikataa kundi hilo na kuwasimamisha mapadri waliolifuata, lakini kundi likawaambia wafuasi wake kwamba hao maaskofu ndio waliopotea.

Sheria ya kunyamaza

Kundi lilijiita Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Jina hilo ni zuri, na hakuna Mkristo angelipinga. Shida ilikuwa katika namna amri zilivyotumiwa.

Amri ya kutoshuhudia uongo ilifanywa sababu ya kukataza watu kuongea. Walisema anayeongea sana atasema uongo, basi ni heri anyamaze. Waliruhusiwa kusali na kuimba, lakini mazungumzo ya kawaida yalifanywa kwa ishara za mikono. Amri nyingine ilifanywa sababu ya kutenganisha mume na mke. Watoto waliwekwa mbali na wazazi. Siku kadhaa za wiki zilikuwa za kufunga, na siku nyingine kazi ya shamba ilikuwa nyingi na chakula kidogo. Watu walivaa nguo za rangi zilizoonyesha ngazi ya kila mmoja. Walihamishwa kutoka nyumba moja ya kundi kwenda nyingine.

Ukiziweka sheria hizo pamoja, unaona kazi yake. Mtu ambaye haongei hawezi kumwuliza mwenzake: na wewe umeona nilichoona? Mama asiyelala na watoto wake hawezi kujua wamepelekwa wapi. Mtu aliyehamishwa usiku akionekana hayupo asubuhi, wenzake wanafikiri yuko kwenye nyumba nyingine. Hivyo mamia waliweza kuuawa na kuzikwa Rugazi, Rushojwa na Buhunga, na wenzao wa Kanungu wakaendelea kusali bila kujua.

Sheria iliyowafunga zaidi ilikuwa ya mali. Aliyeingia aliuza shamba, ng'ombe, nyumba, hata nguo, na pesa zote zikaenda kwa viongozi. Baada ya hapo, hata akitaka kutoka, atarudi wapi? Kwao hakuna tena shamba. Jamaa wamemkasirikia. Mkimbizi wa vita anaijua hali hiyo, kwa sababu bunduki ilimnyang'anya vyote. Hawa walinyang'anywa kwa maneno, wakatia sahihi wenyewe.

Walioona mapema

Si kweli kwamba hakuna aliyejua kitu. Familia ya Kibwetere ililalamika. Waliotoroka walisimulia. Kundi lilikuwa na shule ya watoto kama 300, na mwaka 1998 serikali iliifunga kwa sababu ya uchafu na jinsi watoto walivyotendewa. Mahali ambapo watoto 300 wanatendewa vibaya mpaka shule inafungwa, ilifaa mtu arudi kuangalia tena.

Lakini kundi lilikuwa limeandikishwa kisheria kama shirika. Lilikuwa na makaratasi yake. Viongozi wake waliwatembelea wakubwa wa serikali, waliwaalika kwenye sherehe zao, hawakudaiwa kodi wala hawakupigana na mtu. Na miaka hiyo macho ya usalama yalikuwa yanatazama upande mwingine. Vita vya Kongo vilikuwa vinaendelea, na waasi walikuwa wanavuka mpaka. Juni 1998 waasi wa ADF walichoma mabweni ya shule ya ufundi ya Kichwamba, karibu na Fort Portal, na wanafunzi kama 80 wakafa. Tarehe 1 Machi 1999 watu wenye silaha kutoka upande wa Kongo waliwaua watalii 8 katika hifadhi ya Bwindi, ambayo iko huko huko upande wa Kanungu. Askari walimtafuta adui aliyebeba bunduki. Watu wanaosali kimya kwenye kilima hawakuonekana kuwa hatari kwa mtu.

Siku ambayo haikufika

Viongozi walikuwa wamesema dunia itaisha tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi walikesha wakisali. Asubuhi ya tarehe 1 Januari jua likatoka kama kawaida.

Hapo ndipo watu walianza kuongea. Waliotoa mashamba waliuliza mashamba yao. Waliouza ng'ombe walitaka pesa zao. Walionusurika na majirani walisimulia kwamba manung'uniko yalikuwa makubwa, na kwamba viongozi waliwaita waliodai mmoja mmoja wakawapeleka mahali pengine. Polisi wanaona kwamba mauaji ya wale waliokutwa kwenye makaburi ya siri yanahusiana na madai hayo.

Kisha ikatangazwa tarehe mpya: 17 Machi 2000. Siku za kabla yake kundi liliuza vitu vyake kwa bei ndogo kwa majirani. Walichinja ng'ombe, wakanunua kasha nyingi za soda, wakala pamoja. Wengine walikwenda kuaga jamaa. Padri Kataribabo alinunua tindikali nyingi, akasema ni ya betri. Wengi wa wafuasi walifikiri wanajiandaa kupokelewa na Bikira Maria. Baada ya karamu wakaingia ndani kusali, na jengo likalipuka.

Baada ya moto

Miili ya kanisani ilizikwa pamoja, katika kaburi moja lililochimbwa na tingatinga. Jamaa waliofika kutoka mbali hawakuweza kumtambua mtu wao. Familia nyingine mpaka leo hazijui kama ndugu yao alikufa kanisani, au yuko katika shimo la Rugazi, au alitoroka.

Polisi walitoa hati za kuwakamata viongozi sita, pamoja na Kibwetere, Mwerinde na Kataribabo. Hakuna aliyefikishwa mbele ya mahakama. Wengine wanasema walikufa motoni, wengine wanasema walikimbia na pesa. Tume ya uchunguzi iliyotangazwa na serikali haikuleta ripoti. Kwa hiyo hakuna kesi iliyosikilizwa, na jamaa hawakupata nafasi ya kusimama na kusema jina la mtu wao mbele ya hakimu.

Shakahola, miaka 23 baadaye

Wengi walisema jambo kama lile haliwezi kurudi. Aprili 2023 polisi wa Kenya waliingia msitu wa Shakahola, karibu na Malindi kwenye pwani, wakaanza kufukua makaburi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wameambiwa, kulingana na mashtaka, wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Madaktari wa serikali waliopima miili waliona wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, wakiwemo watoto, walikuwa na alama za kunyongwa au kupigwa. Mackenzie na wenzake walishtakiwa mwaka 2024, na wakati huo walikana mashtaka.

Mahakama ndiyo itakayoamua nani ana hatia. Lakini yanayofanana yanaonekana bila kungoja hukumu. Huko pia watoto walikuwa wameondolewa shuleni. Huko pia watu waliuza mali, wakahamia mahali mbali na jamaa. Huko pia familia zilikwenda kulalamika kabla ya makaburi kupatikana.

Historia hii na watu walio kambini

Watu waliokimbia Beni, Irumu au Mambasa wanajua ukatili unaofanywa na watu wanaotaja jina la Mungu huku wameshika panga na bunduki. Huo unaonekana, na mtu anaukimbia. Wa Kanungu ulikuja na rozari, ukapokelewa na kiti na chai.

Kambini watu wanasali, na ni vizuri. Sala imewasimamisha wengi ambao hawakubaki na kitu kingine. Parokia, makanisa na misikiti ndiyo mara nyingi ya kwanza kufungua milango na kugawa unga. Historia ya Kanungu haisemi watu waache kusali. Inaonyesha mambo ambayo yakitokea, mzazi au kiongozi wa bloku lazima aamke.

La kwanza ni mhubiri anayedai mali yote, au kadi ya msaada, au kitambulisho cha mtu. La pili ni kutenga: mtu anakatazwa kuongea na jamaa zake, mke anatenganishwa na mume, watoto wanapelekwa mahali ambapo wazazi hawafiki. La tatu ni watoto kuondolewa shuleni au kunyimwa dawa na chakula kwa jina la Mungu. La nne ni tarehe ya mwisho wa dunia. La tano ni swali kuitwa dhambi.

Lolote kati ya hayo likionekana, lisibaki siri ya hema moja. Lipelekwe kwa kamati ya kambi, kwa padri au mchungaji au imamu anayejulikana, kwa shirika linalolinda watoto, kwa wakuu wa serikali. Likipelekwa mara moja na lisisikilizwe, lipelekwe tena. Kanungu malalamiko yalifika, shule ikafungwa, halafu kila mtu akarudi kwenye kazi zake kwa miaka miwili.

Na kama ndugu ametoka katika kundi la namna hiyo, asipokelewe kwa kicheko. Wengi wa Kanungu waliotaka kurudi nyumbani mwezi wa Januari 2000 walijua kwamba kule walikotoka hakuna shamba tena, na kwamba watu watawauliza: si mlituambia dunia inaisha? Huenda aibu hiyo iliwarudisha wengine kwenye kilima. Wangepata jamaa mmoja wa kuwaambia njoo, tutakula tulicho nacho, huenda baadhi yao wangekuwa hai.